Kipimo cha mwindaji: bata mzinga wa Marekani na kanga wa pori letu

Maneno kwa watu wa vijiji vya kando ya migodi

Wababa na wamama, na ninyi vijana munaoshika bunduki na mitego,

Leo tutasema juu ya kuwinda. Sitasema juu ya tembo wala nyati. Nitasema juu ya ndege wa kula. Munajua namna mambo yanavyokwenda kando ya mgodi. Mgodi ukifunguliwa, watu wanakuja wengi. Watu wa kazi ya mgodi hawana nafasi ya kwenda porini, lakini wana feza mkononi. Watu wa kijiji hawana feza nyingi, lakini wana pori. Basi nyama inatoka porini na kwenda mgodini, na feza inatoka mgodini na kuja kijijini. Biashara hii si mbaya yenyewe. Kwa feza hiyo mtoto anasoma na mgonjwa anapata dawa. Lakini mwindaji akiona ya kuwa kila mwaka anatembea mbali zaidi, na kila mwaka anarudi na kidogo zaidi, ajue ya kuwa anakula mbegu zake.

Kwa hiyo maswali yetu ya leo ni mawili. La kwanza: mtu mmoja aue ndege wangapi, ili mwaka ujao apate tena? La pili: tutajuaje kama kipimo tulichoweka ni kizuri au ni kibaya?

Kwa kujibu maswali hayo nitawapeleka kwanza mbali, Marekani. Watu wa kule walikuwa na ndege mkubwa wa mwitu. Walimwua hata karibu kummaliza. Baadaye wakamrudisha, na tangu hapo wakaandika hesabu mwaka kwa mwaka. Hesabu yao itatufundisha jambo ambalo macho peke yake hayalioni.

1. Ndege mwenyewe

Bata mzinga munamjua, kwa kuwa watu wengine wanamfuga katika miji. Lakini Marekani yuko bata mzinga wa mwitu, asiyefugwa na mtu. Huyu ni mwepesi, ana macho makali, anaruka, na usiku analala juu ya miti. Dume ana uzito wa kilo 8 hata 10. Jike ana kilo 4 hivi. Dume ana manyoya magumu yanayoning'inia kifuani kama ndevu, na kichwa chake kina rangi nyekundu na buluu. Jike ana rangi ya majani makavu. Mwindaji mwenye kuangalia vizuri anaweza kuwatofautisha kwa macho. Shikeni neno hili, tutalirudia.

Baridi ikiisha, katika mwezi wa 4 na wa 5, dume analia alfajiri kwa kuita majike. Dume mmoja anapanda majike wengi. Jike anataga mayai 10 hata 12 chini, katika majani, na kuyaatamia siku 28. Vifaranga wakitoka, hawawezi kuruka mpaka juu ya miti kwa muda wa wiki mbili hivi. Wanalala chini pamoja na mama yao. Mvua ya baridi inawaua, mbweha wanawakamata, ndege wakali wanawanyakua. Katika miaka mingi zaidi ya nusu yao wanakufa katika wiki za kwanza.

Ndege huyu ni wa jamii moja na kuku na kanga. Hata jina lake laonyesha hivyo. Wazungu wa zamani walipomwona mara ya kwanza walimchanganya na kanga. Watu wa elimu walimpa jina la Meleagris, na neno hilo kwa Wayunani wa kale lilikuwa jina la kanga. Kanga wetu mwenye pembe ngumu kichwani, wao wanamwita Numida meleagris. Basi habari ya ndege huyu si habari ya mgeni kabisa.

2. Namna walivyokaribia kummaliza

Chukueni mkoa mmoja wa Marekani, unaoitwa Missouri. Ukubwa wake unapita kidogo theluthi moja ya Katanga ya zamani, kabla haijagawanywa mwaka wa 2015. Nimechagua mkoa huo kwa kuwa ni nchi ya migodi kama yenu. Upande wa kusini-mashariki wanachimba risasi, ile ile inayotiwa ndani ya mabati ya betri na ndani ya marisau ya bunduki. Kampani ya St. Joseph Lead ilianzishwa huko mwaka wa 1864. Upande wa kusini-magharibi, karibu na mji wa Joplin, walichimba zinki na risasi. Katika vilima vya Ozark, kuanzia miaka ya 1880, viwanda vikubwa vya kupasua mbao vilikata misonobari, na baadaye mialoni.

Watu wa kazi wakaja kwa maelfu, na wote walitaka kula. Wawindaji wakaua bata mzinga katika majira yote ya mwaka. Wakaua dume na jike. Wakawapiga usiku wakiwa wamelala juu ya miti. Nyama ikauzwa katika makambi na katika masoko ya mji wa St. Louis. Reli iliyobeba mbao ikabeba na ndege waliokufa. Mialoni ikakatwa, na mbegu za mialoni ndizo chakula kikubwa cha bata mzinga wakati wa baridi. Watu wakachoma mwitu kila mwaka, wakaachia ng'ombe na nguruwe kula kila kitu kilichoota.

Angalieni jambo hili: hakuna mtu mmoja aliyewamaliza ndege hao. Ukimwuliza kila mwindaji, angejibu, «Mimi niliua wachache tu.» Na angesema kweli. Lakini wachache wa kila mtu, wakikusanywa, wakawa wote. Mwaka wa 1952, katika mkoa ule mzima, walikadiriwa kuwa wamebaki chini ya 2,500. Mahali pengine ilikuwa vibaya zaidi. Katika mkoa wa Massachusetts, bata mzinga wa mwitu wa mwisho aliuawa mwaka wa 1851, na kwa miaka 120 hakuna mtu aliyesikia sauti yake tena.

3. Namna walivyomrudisha

Katika mwezi wa 11 wa mwaka wa 1936, wenyeji wa Missouri walipiga kura, wakaweka baraza la kulinda nyama na ndege na samaki. Kuwinda bata mzinga kukafungwa. Mwaka wa 1937 serikali ya Marekani ikaweka sheria nyingine: kodi ya bunduki na ya marisasi iwekwe kando kwa kazi ya kulinda nyama wa porini. Ndiyo kusema, mwindaji mwenyewe analipa feza ya kurudisha anachokiwinda.

Njia ya kwanza waliyojaribu haikufaa. Walizalisha bata mzinga katika mazizi, wa damu iliyochanganyika na ya ndege wa kufugwa, wakawaachia mwituni kwa maelfu. Karibu wote wakafa. Mtu wa elimu, A. Starker Leopold, aliwachunguza, na mwaka wa 1944 akaeleza sababu: woga na ujanja wa mwitu uko katika damu, haufundishwi zizini. Ndege wa zizi hakimbii adui vizuri, anataga mapema wakati wa baridi, na vifaranga wake hawajui kujificha anapowaonya.

Njia ya pili ndiyo iliyofaa. Mwaka wa 1954 walianza kukamata ndege wa mwitu halisi mahali panapoitwa Peck Ranch. Walimwaga mahindi chini kwa siku nyingi mpaka ndege wakazoea, halafu wakawarushia wavu mkubwa uliosukumwa na mizinga midogo ya baruti. Ndege waliokamatwa walipelekwa siku ile ile mahali ambapo walikuwa wamekwisha. Mpaka mwaka wa 1979 walikuwa wamehamisha zaidi ya 2,600 katika wilaya nyingi. Huko Massachusetts walifanya vivyo hivyo: katika mwaka wa 1972 na wa 1973 walileta ndege 37 tu kutoka mkoa jirani wa New York. Leo, katika Massachusetts, wazao wao wanapita 30,000.

Mwaka wa 1960 Missouri ikafungua tena kuwinda, lakini kwa siku 3 tu, katika wilaya 14 tu, na dume tu. Wawindaji wote pamoja wakapata ndege 94. Ni kidogo sana, sivyo? Lakini walivumilia. Miaka 44 baadaye, katika majira ya mwaka wa 2004, waliua zaidi ya 60,000, na ndege bado walikuwako.

4. Kipimo na bahati ya mwindaji

Sasa tumefika penye kiini cha maneno yetu.

Sheria ya Missouri ni hii: katika majira ya kuwinda baada ya baridi, mtu mmoja asipite ndege 2. Katika wiki ya kwanza asipite 1. Aue dume, au ndege mwenye ndevu kifuani. Akiua, atoe habari kabla ya saa nne ya usiku siku ile ile. Zamani alipaswa kumbeba ndege mpaka kituo cha kuhesabia. Siku hizi anatoa habari kwa simu. Kwa njia hiyo Leta yao inajua hesabu ya ndege waliouawa.

Watu wengi wanafikiri ya kuwa kipimo hicho cha ndege 2 ndicho kinachowalinda ndege. Lakini hesabu inasema neno jingine. Katika mikoa mingi ya Marekani wawindaji walio wengi hawapati hata ndege mmoja katika majira mazima. Mmoja kati ya watatu au wanne hivi ndiye anayepata. Anayepata wawili ni wa nadra.

Tufanye mfano kwa mawe. Wekeni mawe 100 chini. Kila jiwe ni mwindaji mmoja, na kipimo chake ni ndege 2. Tuseme watu 70 hawakupata kitu. Watu 25 walipata mmoja mmoja. Watu 5 walipata wawili wawili. Ndege waliokufa ni wangapi? 25 na 10, ni 35.

Sasa mkubwa anasema, «Ndege wanapungua, nakata kipimo, kila mtu aue 1 tu.» Itakuwaje? Wale 70 hawakuua kitu, hawaguswi na sheria. Wale 25 waliua mmoja, nao hawaguswi. Wale 5 tu ndio watakaoacha ndege mmoja mmoja. Ndege waliookoka ni 5. Wamekufa 30 badala ya 35. Kipimo kimekatwa nusu, lakini vifo havikupungua hata sehemu moja kati ya sita.

Tena tuseme kipimo kinabaki 1, lakini barabara mpya inapita na wawindaji wanakuwa 200. Wakipata kwa bahati ile ile, ndege 60 watakufa. Kipimo cha kila mtu ni kidogo, lakini ndege wanaokufa ni wengi kuliko kwanza.

Hapo muelewe vizuri: kipimo cha mtu si kipimo cha pori. Pori halihesabu ndege kwa mtu. Pori linahesabu ndege wote waliotoka. Mwenye kutaka kulinda ndege ahesabu mambo manne pamoja: watu wangapi wanawinda, siku ngapi wanawinda, katika majira gani, na kila mtu anapata ngapi.

Kipimo cha mtu basi ni bure? Sivyo. Kina kazi mbili. Kwanza kinamzuia yule mjanja mmoja au wawili ambao peke yao wangeua kama watu 10. Pili kinagawanya ndege kati ya watu wote, ili mwenye bunduki nzuri asichukue vya wenzake. Kwa sababu hizo mikoa mingine ya Marekani, ilipoona ndege wanapungua, ilikata kipimo. Tennessee ilitoka ndege 4, ikafika 3 mwaka wa 2021 na 2 mwaka wa 2023. Georgia ilitoka 3 ikafika 2 mwaka wa 2022. Mwaka ule ule Alabama ilitoka 5 ikafika 4. Georgia na Tennessee zilichelewesha tena siku ya kufungua, ili dume wapate nafasi ya kupanda majike kwanza.

Lakini sikieni habari ya Missouri tena. Mwaka wa 2004 kipimo kilikuwa 2, na ndege waliouawa walipita 60,000. Mwaka wa 2021 kipimo kilikuwa kile kile 2, na waliouawa walikuwa 35,000 hivi tu. Kipimo hakikubadilika, lakini ndege walioletwa nyumbani walipungua karibu nusu. Kwa nini? Sababu kubwa ni ya kuwa majike hawakulea tena vifaranga wengi kama zamani. Mayai yaliliwa, vifaranga walikufa, maficho yao yalipungua. Ndege ambaye hakuzaliwa, hakuna kipimo kitakachomrudisha.

Na hapa kuna jambo la kuangalia sana. Dume wa miaka miwili ndiye anayelia sana na kuja upesi akiitwa; kwa hiyo yeye ndiye anayeuawa zaidi kuliko dume wazee. Basi mwindaji akipata wengi mwaka huu, ni kwa sababu vifaranga wengi walipona miaka miwili iliyopita. Na kama mwaka huu vifaranga wamekufa wengi, mwindaji hataona hasara sasa. Ataiona baada ya miaka miwili. Kwa sababu hiyo watu wa Missouri hawahesabu ndege waliouawa tu. Kila mwaka, majira ya joto, wanahesabu pia majike na vifaranga wanaowaona, ili wajue kila jike amelea wangapi. Anayengoja mpaka mfuko wake uwe mtupu amechelewa miaka miwili.

5. Kanga si bata mzinga

Labda mmoja wenu atasema, «Basi na sisi tufanye sheria ya Missouri: tuue dume wa kanga tu, mmoja au wawili.» Ngojeni. Sheria ya ndege mmoja haimfai kila ndege.

Kwanza, bata mzinga dume na jike wanatofautiana kwa macho. Kanga hawatofautiani. Manyoya ni yale yale, pembe ya kichwani ni karibu ile ile. Mwenye sikio zuri anamjua jike kwa mlio wake wa sauti mbili, lakini kanga anayekimbia katika majani hakuna anayemjua. Sheria ya «dume tu» haiwezi kushikwa.

Pili, bata mzinga dume mmoja anatosha majike wengi, kwa hiyo ukiua dume wachache, majike bado wanataga. Kanga wanakwenda wawili wawili, dume na jike, wakati wa kutaga. Ukiua mmoja wao wakati huo, umeharibu nyumba.

Tatu, ni habari ya majira. Katika Katanga kanga wanaachana na kundi lao mvua zikianza. Wanakaa wawili wawili, jike anataga mayai 6 hata 12 chini ya majani, na kuatamia siku 26 hata 28. Wakati wa kiangazi wanakusanyika tena katika makundi pamoja na watoto waliokua. Basi Mmarekani anawinda dume wakati wa kupandana, na haharibu sana. Sisi tukiwinda kanga wakati wa mvua, tunaharibu sana. Majira ya kanga ni kiangazi, kundi likiwa limejaa.

Nne, na hili ndilo la hatari: kanga wa kiangazi wanakwenda pamoja kunywa maji mahali pamoja, na usiku wanalala pamoja juu ya mti mmoja. Mwindaji anayejua mahali pale anapata kila siku. Anasema, «Kanga ni wengi, kila siku napata!» Kumbe anakula kundi la mwisho. Leo anapata, kesho anapata, keshokutwa hakuna. Kwa ndege wa makundi, bahati ya mwindaji inaweza kudanganya mpaka siku ya mwisho. Kwa hiyo musihesabu kanga mliowaua tu. Hesabuni na makundi.

Tena kuna mtego wa waya. Mwenye bunduki anachoka, anarudi kulala. Waya haulali. Waya haujui jike wala dume, haujui kipimo, haujui majira. Mtu mmoja mwenye mitego 50 ni sawa na wawindaji 50 wasiolala. Na akisahau mmoja, kanga anaoza ndani yake bila faida kwa mtu.

6. Mambo ya kufanya kijijini

Sheria ya uwindaji ya tarehe 28 Mei 1982 inataka mwindaji awe na kibali cha Leta, na sheria ya kulinda viumbe ya mwaka wa 2014 nayo iko. Ulizeni katika ofisi ya wilaya yenu nini kinaruhusiwa na majira gani yamefungwa. Lakini sheria iliyoko mjini hailindi kundi lililoko nyuma ya mlima wenu. Ninyi ndio munaokaa nalo. Basi, pamoja na sultani wenu na wazee, fanyeni mambo haya:

La kwanza. Pumzisheni kanga wakati wote wa mvua. Musiwapige, musitege njiani mwao, wala musikusanye mayai yao. Jike mmoja aliyeachwa mvua hii anaweza kuwa kundi dogo kiangazi kijacho.

La pili. Jueni wawindaji ni wangapi. Wazee waandike majina yao. Mtu anayekuja kutoka mbali kwa pikipiki, aue na kuondoka, huyo hana hofu ya mwaka ujao. Yeye ataenda kwingine. Asiingie bila ruhusa ya kijiji.

La tatu. Wekeni kipimo cha kijiji, si cha mtu tu. Tuseme muna makundi matano ya kanga. Wazee wapange kiangazi hiki tutoe ndege kadhaa katika kila kundi, na kundi moja lisiguswe kabisa. Wakifika hesabu hiyo, kazi imekwisha, hata kama mwindaji mmoja hajapata chake. Halafu gawanyeni hesabu hiyo kwa watu, ili mwenye nguvu asichukue yote.

La nne. Shikeni hesabu. Wazee walisema, «Mali bila daftari hupotea bila habari.» Asiyejua kuandika atumie mawe na vibuyu viwili. Kila siku anayokwenda kuwinda, atie jiwe katika kibuyu cha kwanza. Kila kanga anayepata, atie jiwe katika kibuyu cha pili. Mwisho wa kiangazi ahesabu. Tuseme mwaka huu mawe 20 ya siku yameleta mawe 10 ya kanga: ni siku mbili kwa ndege mmoja. Mwaka ujao siku 20 zimeleta kanga 5: ni siku nne kwa ndege mmoja. Pori linasema naye. Mwaka wa tatu asiwinde mahali pale.

La tano. Hesabuni vifaranga. Mvua zikiisha, watoto wanaochunga mbuzi waulizwe: mumeona makundi mangapi? Kila kundi lina wakubwa wangapi na wadogo wangapi? Watoto wana macho mazuri. Kama wadogo ni wachache, punguzeni kipimo mwaka huo huo, musingoje mifuko iwe mitupu.

La sita. Acheni maficho. Musichome pori lote kila kiangazi. Acheni sehemu zenye majani marefu kando ya vijito na kando ya mashamba. Kifaranga asiye na mahali pa kujificha ni chakula cha mwewe.

La saba. Nyama ya kuuza mgodini itoke zizini zaidi kuliko porini. Kanga wa kufugwa wako, na kuku, na bata, na mbuzi. Watu wa mgodi wanataka nyama kila wiki, mwaka mzima, na pori haliwezi kutoa kila wiki, mwaka mzima. Zizi linaweza. Lakini musifikiri ya kuwa mutajaza pori kwa kuachia ndege wa zizi. Watu wa Missouri walijaribu kwa maelfu, na hawakufaulu. Ndege wa zizi ni kwa sufuria na kwa soko. Ndege wa pori azaliwe porini.

Wandugu, migodi haidumu. Mashimo ya Joplin, ambayo zamani yalijaza watu, yalifungwa, na watu wa kazi wakaenda kwao. Waliobaki ni wenyeji wa vijiji. Siku mgodi wenu utakapofungwa, feza itaondoka pamoja na kampani. Kitakachobaki kwa watoto wenu ni udongo, maji, na pori. Kama pori lina kanga, watakula. Kama halina, itakuwa kama Massachusetts: miaka 120 ya kimya, na kisha kuomba ndege kwa jirani. Na jirani wenu naye ana mgodi.

Basi kiangazi hiki, kabla ya kutoka na bunduki, kaeni kwanza chini ya mti pamoja na wazee. Ulizeni: makundi mangapi yamebaki? Tutatoa ndege wangapi? Nani atashika vibuyu? Mukimaliza maswali hayo, nendeni muwinde kwa amani.